Hachi na Skeli Yake: Historia ya Mistari Inayojaza Mchoro

Hachi ni mistari myembamba iliyo sambamba, yenye nafasi sawa kati yake, inayojaza eneo fulani la mchoro ili litofautiane na maeneo jirani. Kwenye mchoro wa mkato, unaoonyesha kitu kana kwamba kimepasuliwa kwa msumeno, hachi ndiyo inayomwambia fundi kwamba hapa pamekatwa kitu kigumu na pale ni uwazi. Ruwaza ya mistari ikibadilika, nyenzo nayo hubadilika: chuma, shaba, mpira, zege. Nafasi ya kutoka mstari hadi mstari, yaani ukubwa wa ruwaza yenyewe, kwa karne kadhaa ilipimwa kwa jicho la mchoraji. Ilipata tarakimu rasmi kompyuta ilipoanza kuchora, na tarakimu hiyo ikazaa usumbufu ambao wachoraji wa zamani hawakuujua.

Mistari hii ilianza kama kivuli. Wachongaji wa Ulaya wa karne ya 15, waliokata picha kwenye mbao na mabamba ya shaba kwa ajili ya kuchapa, walikuwa na wino mweusi tu. Kijivu hakikuwepo. Ili kukipata walibana mistari pale palipotakiwa giza, wakaitanua pale palipotakiwa nuru, au wakaikatiza kwa mistari mingine iliyoelekea upande tofauti. Albrecht Dürer wa Nürnberg (1471–1528) aliifikisha mbinu hiyo mahali ambapo ngozi, manyoya na chuma viliweza kutambulika kwa mistari pekee. Vitabu vya ufundi vikafuata. De re metallica, kitabu cha Georgius Agricola kuhusu madini kilichotoka Basel mwaka 1556, kimejaa picha za pampu, magurudumu ya maji na tanuri, zote zimetiwa kivuli kwa mistari. Hata hivyo mistari hiyo haikutaja nyenzo. Gogo na mwamba vilitiwa kivuli cha namna moja, na msomaji alitofautisha kwa umbo.

Mistari ilipewa maana na watu ambao hawakuwa mafundi hata kidogo: wataalamu wa nembo za koo za wakubwa. Nembo hutambulikana kwa rangi, na uchapaji wa wakati huo haukuwa na rangi. Mwaka 1638 padri Mjesuiti Silvester Petra Sancta alichapisha Rome kitabu chake Tesserae gentilitiae, kilichoeneza utaratibu wa kuandika rangi kwa mistari. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, ya mshazari ni kijani au zambarau kutegemea inakoinamia. Wima na mlalo vikikatizana ni nyeusi, nukta ni dhahabu, na patupu ni fedha. Taratibu nyingine zilikuwapo kabla yake, ila hii ndiyo iliyodumu. Anayeijua haangalii tena kivuli kwenye ngao, anasoma.

Wahandisi walichelewa kuifuata njia hiyo kwa sababu wao walikuwa na rangi halisi. Gaspard Monge, mwalimu wa shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières nchini Ufaransa, aliweka msingi wa jiometri ya kuonyesha umbo la pande tatu kwa michoro bapa. Elimu hiyo ilifichwa kwa muda kama siri ya kijeshi, hadi mihadhara yake ya 1795 ilipotoka kitabuni mwaka 1799. Baada ya hapo mchoro wa mkato ukawa lugha ya kawaida ya viwanda. Katika karne ya 19 mchoro huo ulipakwa rangi za maji kwa brashi: kwa kawaida kijivu kilikuwa chuma cha kusubu, buluu chuma cha kufua, zambarau chuma cha pua, njano shaba ya njano, na wekundu ulikuwa matofali. Michoro ya namna hiyo inapendeza mno, na baadhi ya iliyosalia imetundikwa kwenye majumba ya makumbusho.

Kilichoua rangi hizo ni bluprinti. John Herschel aligundua mwaka 1842 kwamba karatasi iliyopakwa chumvi fulani za chuma hugeuka buluu ikipigwa na jua. Ugunduzi huo ulikaa miaka mingi kabla ya kuingia ofisi za michoro, lakini kuanzia miaka ya 1870 ulienea kwa kasi. Mchoro wa asili ulichorwa kwa wino kwenye karatasi au kitambaa kinachopitisha mwanga, ukalazwa juu ya karatasi ya bluprinti, ukaanikwa, na nakala ikasafishwa kwa maji tu. Mistari ilitoka myeupe juu ya buluu. Rangi za brashi hazikuweza kuvuka. Fundi aliye mbele ya mashine alipokea nakala isiyo na njano wala wekundu, na mchoraji alilazimika kusema kwa mistari kile alichokuwa akikisema kwa rangi. Ni tatizo lile lile la wachapaji wa nembo, na lilitatuliwa vivyo hivyo.

Kanuni zilizojengeka wakati huo bado zinafundishwa. Mistari huelekezwa nyuzi 45, nayo iwe myembamba kuliko ile ya kingo za kitu. Vipande viwili vinavyogusana hupewa hachi zinazoinamia pande tofauti, huku kipande kimoja kikibaki na mwelekeo mmoja popote kinapojitokeza kwenye mchoro. Eneo likiwa kubwa sana, hachi huchorwa pembezoni tu na katikati huachwa wazi. Kuhusu nafasi ya mistari, mchoraji aliachiwa uamuzi: eneo dogo mistari ibanane, eneo kubwa itanuke, kwa kawaida kati ya milimita moja na tatu hivi. Uingereza ilitoa kiwango chake cha michoro ya kihandisi, BS 308, mwaka 1927. Viwango vya Marekani navyo viliorodhesha ruwaza za nyenzo mbalimbali, na baadaye kampuni za programu zikazichukua karibu kama zilivyo.

Kuchora hachi kwa mkono ilikuwa kazi ya kuchosha. Skwea inateleza juu ya rula, kalamu inapiga mstari, skwea inasogezwa kidogo, kalamu inapiga mwingine. Mchoraji akipiga chafya mstari mmoja unakaribiana na mwenziwe, na jicho la kila atakayeutazama mchoro litakwenda moja kwa moja hapo. Vilitengenezwa vifaa maalumu vya kusogeza rula kwa hatua zinazolingana kila kitufe kinapobonyezwa. Katika karne ya 20 zikaja karatasi za plastiki zenye ruwaza iliyokwisha kuchapwa, kama Zip-A-Tone na baadaye Letratone ya kampuni ya Letraset, ambazo mchoraji alizikata kwa wembe na kuzibandika. Hapo ndipo dalili ya kwanza ya tatizo la skeli ilipojitokeza. Ruwaza ya kubandika haitanuki wala haibani, na mchoro ukipunguzwa kwa kamera ili uingie kitabuni au kwenye mikrofilamu, mistari iliyokuwa wazi hukaribiana hadi ikawa doa jeusi. Ofisi zilizotunza michoro kwenye mikrofilamu zililazimika kuwaagiza wachoraji watanue hachi tangu mwanzo.

Pamoja na hayo, mchoraji wa mezani alikuwa na faida moja ambayo hakuijua kuwa ni faida. Kila kitu alikichora kwenye karatasi ileile ambayo msomaji angeiona. Nyumba ilipunguzwa mara 100 kichwani mwake kabla ya kalamu kugusa karatasi, lakini hachi haikupunguzwa. Ilichorwa kwa ukubwa wake wa mwisho. Vipimo vya nyumba vilikuwa vya nyumba, vipimo vya hachi vilikuwa vya karatasi, na viwili hivyo havikugongana.

Kompyuta ilivigonganisha. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu yake kuhusu Sketchpad, programu iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 ya Maabara ya Lincoln, ambamo mtu alichora moja kwa moja juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Sketchpad iliweza kukuza mchoro hadi mara 2,000. Kuanzia hapo mchoro haukuwa tena karatasi. Ulikuwa orodha ya namba ndani ya kumbukumbu, na skrini ilikuwa dirisha tu la kuchungulia. Plota, yaani mashine za kuchora karatasini kwa kalamu, nazo zilikuwapo tayari: CalComp 565, iliyotoka mwaka 1959, ilivuta kalamu kwa hatua za sehemu ya mia moja ya inchi. Kwa hiyo mchoro ulikuwa na maisha mawili, moja kwenye kumbukumbu na jingine kwenye karatasi, na kati ya hayo palikuwa na skeli.

Kwa watu wengi mabadiliko hayo yalifika kwa jina la AutoCAD. John Walker na wenzake walianzisha Autodesk huko California mwaka 1982, wakaanza na Interact, programu iliyoandikwa na Mike Riddle, na Novemba mwaka huohuo wakaonyesha AutoCAD kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Las Vegas. Ilikusudiwa kompyuta ndogo za mezani, siyo mashine za mamilioni zilizokuwa kwenye viwanda vya magari na ndege. Msingi wake ulikuwa kuchora kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita tano huingizwa kama mita tano, na upunguzaji hufanywa dakika ya mwisho, wakati wa kuchapa. Kwa vipimo vya nyumba utaratibu huu ni bora kuliko ule wa zamani, kwa kuwa hakuna tena mtu wa kugawanya kichwani. Kwa hachi ni kinyume. Kama kila kitu kitapunguzwa mara 100 wakati wa kuchapa, hachi nayo itapunguzwa mara 100, na hakuna anayeitaka ipunguzwe.

Amri ya hachi ya matoleo ya mwanzo iliuliza maswali machache: jina la ruwaza, skeli, pembe, na mistari inayozunguka eneo. Swali la skeli lilikuja na jibu lililokwisha kuandikwa, 1. Mwanafunzi aliyebonyeza kitufe cha kukubali bila kufikiri alijikuta matatani.

Sababu inaonekana ndani ya faili lenyewe la ruwaza. AutoCAD huhifadhi ruwaza zake kwenye faili la maandishi ya kawaida, acad.pat, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Ruwaza inayotumika kuliko zote, ANSI31, ile ya chuma, matofali na mawe, imeelezwa kwa mstari mmoja wa namba: 45, 0, 0, 0, .125. Namba ya kwanza ni pembe kwa nyuzi. Mbili zinazofuata ni mahali mstari wa kwanza unapoanzia. Ya nne inasema kila mstari usogezwe kiasi gani kufuata urefu wake, na ya tano ni umbali hadi mstari unaofuata: 0.125, yaani robo ya nusu inchi kwa anayechora kwa inchi. Ruwaza yenye mistari iliyokatikakatika huongeza namba nyingine kwa urefu wa vipande na mapengo. Hayo tu. Namba hizi hazina kipimo, 0.125 ni ya chochote kile ambacho mchoraji amekichagua kuwa kipimo chake. Skeli inayoulizwa na amri ni kizidisho cha namba hizo.

Kwa nchi zinazotumia mita, zikiwamo Tanzania na Kenya, kuna faili la pili, acadiso.pat, ambamo mstari huohuo unasomeka 45, 0, 0, 0, 3.175. Ni ile 0.125 iliyozidishwa kwa 25.4, idadi ya milimita katika inchi moja.

Tuseme ukuta wa urefu wa milimita 5,000 na unene wa 200 umechorwa kwa milimita na utachapwa kwa skeli ya 1:100. Ukijazwa ANSI31 ya acadiso.pat kwa skeli ya 1, unapata mistari karibu 1,160, na kwenye karatasi nafasi kati yake ni milimita 0.03. Hakuna kalamu wala printa itakayoitenganisha; ukuta unatoka mweusi tii. Kwa skeli ya 100 mistari inakuwa kama 12 na nafasi inarudi 3.175. Hiyo ndiyo kanuni iliyojaa kwenye vitabu vya mafunzo: skeli ya hachi iwe sawa na kigawanyo cha skeli ya kuchapa. Lakini ukuta huo kwenye karatasi una unene wa milimita mbili tu, na hachi yenye nafasi kubwa kuliko unene wa ukuta haipendezi. Mchoraji mzoefu hushuka hadi 50 au hata 25. Kanuni inampa mahali pa kuanzia. Jicho la zamani bado linadai haki yake.

Kosa la upande wa pili huwachanganya watu zaidi. Ukuta uleule ukichorwa kwa mita, yaani 5 kwa 0.2, skeli ya 1 inaweka mita 3.175 kati ya mstari na mstari. Ni mstari mmoja tu, au miwili, unaoangukia ndani ya ukuta. Mchoraji anaona amri imekubaliwa, anatazama skrini, haoni kinachofanana na hachi, na anaamini programu imeharibika. Skeli inayofaa hapo ni 0.1.

Kwenye kompyuta za miaka ya 1980 kosa la kubana lilikuwa na gharama ya papo kwa papo. Kila mstari wa hachi ulihifadhiwa mmoja mmoja ndani ya faili, ukiwa umefungwa pamoja na wenzake katika bloku isiyo na jina. Ukuta uliotajwa hapo juu, ukijazwa kwa faili la inchi ndani ya mchoro wa milimita, unadai mistari zaidi ya 29,000. Mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 640 ilianza kuchora mstari baada ya mstari, na mtumiaji angeweza kwenda kunywa chai na kurudi akaikuta bado inaendelea, au angebonyeza Ctrl na C kuikatiza na kuanza upya. Plota ya kalamu nayo ililipa. HP 7475A ya mwaka 1983, yenye kalamu sita na karatasi isiyozidi A3, ilichora hachi kama binadamu, mstari mmoja kwa wakati. Hachi nzito ilikausha kalamu katikati ya kazi na kulowesha karatasi hadi ikachanika. Ofisi nyingi zilijifunza kuchapa kwanza bila hachi. Plota za wino wa kurusha, kama DesignJet ya HP iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, ziliondoa gharama hiyo, kwa kuwa kwao karatasi tupu na karatasi iliyojaa huchukua muda unaokaribiana.

Mpaka wa eneo ulikuwa adha nyingine. Matoleo ya mwanzo yalitaka mistari ya kingo ikutane ncha kwa ncha, la sivyo hachi ilivuja na kutapakaa nje. Toleo la 12, mwaka 1992, lilileta amri ya BHATCH, ambayo ilitafuta mpaka yenyewe mtumiaji akibofya ndani ya eneo. Toleo la 13, mwaka 1994, lilifungamanisha hachi na mpaka wake, ukuta ukisogezwa hachi inafuata. Toleo la 14, mwaka 1997, ndilo lililobadilisha maumbile ya hachi: haikuwa tena rundo la mistari bali kitu kimoja kinachohifadhi mpaka, ruwaza, pembe na skeli, na mistari hukokotolewa wakati wa kuonyeshwa. Faili zilipungua uzito ghafla. Skeli nayo sasa ilikuwa sifa ya kitu chenyewe. Toleo hilohilo lilileta pia ujazo wa rangi tupu usio na mistari, ambao wasanifu majengo waliupokea kwa mikono miwili.

Kigeuzi kinachoitwa MEASUREMENT kiliwekwa ndani ya kila mchoro ili kuamua faili gani la ruwaza litumike: 0 ni la inchi, 1 ni la milimita. Kinasahaulika kwa urahisi. Mchoro ulioanzishwa kwa kiolezo cha Kimarekani acad.dwt hubaki na 0 hata kama ofisi nzima inafanya kazi kwa milimita, na hachi zake zitatoka zimebana mara 25.4 kuliko zinavyotarajiwa. Kukibadilisha hakugusi hachi zilizokwisha kuwekwa. Huathiri zile zitakazofuata. Ili kuikinga kompyuta na makosa ya namna hii, paliwekwa pia ukomo wa idadi ya mistari, MaxHatch, ambao kwa kawaida ulikuwa 10,000, na programu ilikataa kujaza eneo lililouvuka, ikilalamika kwamba ruwaza imebana mno.

Lililobaki gumu kuliko yote ni karatasi moja yenye skeli mbili. Tangu Toleo la 11 la mwaka 1990, mchoraji aliweza kupanga kwenye ukurasa madirisha kadhaa yanayotazama mchoro uleule: ramani ya sakafu kwa 1:100 na pembeni yake kiungo cha msingi na ukuta kwa 1:10. Hachi iliyowekwa skeli ya 100 inatoka sawa kwenye dirisha la kwanza, ila kwenye la pili nafasi yake inakuwa karibu milimita 32. Hakuna namba moja inayoridhisha madirisha yote mawili. Kwa miaka kama 17 wachoraji walilizunguka tatizo hili kwa kuweka hachi mbili mahali pamoja, kila moja kwenye leya yake, yaani tabaka la mchoro linaloweza kufichwa, na kuzima leya moja katika kila dirisha. Ilifanya kazi, lakini ukuta uliposogezwa hachi moja ilisahaulika nyuma.

AutoCAD 2008, iliyotoka mwaka 2007, ilileta skeli ya maelezo. Hachi iliyopewa sifa hiyo huchukua ukubwa wake kutoka kwenye karatasi: mchoraji anataja nafasi anayoitaka ichapwe, programu inazidisha yenyewe kwa skeli ya kila dirisha. Toleo la 2011 likaongeza kitu ambacho kingepaswa kuwapo tangu zamani, yaani kuiona hachi ikibadilika kwenye skrini wakati skeli inarekebishwa.

Hata hivyo si kila hachi inapaswa kuitii karatasi. Ndani ya acad.pat kuna kundi la ruwaza zinazoanza na AR, zilizotengenezwa kwa ajili ya wasanifu majengo. AR-B816 ni tofali za saruji za inchi 8 kwa 16, na kwenye faili la milimita safu zake zimepishana kwa 203.2, ambazo ni inchi 8 kamili. Hizi si alama za nyenzo. Ni picha ya ukuta wenyewe. Zinatakiwa skeli ya 1, na zikichapwa kwa 1:100 tofali zinapaswa kupungua mara 100 pamoja na mlango na dirisha. Anayezizidisha kwa 100 kwa mazoea ya ANSI31 anapata tofali zenye urefu wa mita 40.

Programu ya Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002, ilizitenga ruwaza hizo katika aina mbili zenye majina. Ruwaza za kuchorea hubaki na ukubwa uleule kwenye karatasi hata skeli ya mwonekano ibadilike. Ruwaza za modeli hushikamana na jengo na kukua au kupungua nalo, na vigae vyake vinaweza hata kupimwa. Mtumiaji haulizwi tena kuzidisha; anaulizwa hachi hii ni ya nani, ya karatasi au ya jengo. Revit husoma faili zilezile za PAT, ila hudai mistari miwili ya ziada: ;%UNITS=MM kutaja kipimo, na chini ya jina la ruwaza ;%TYPE=MODEL au ;%TYPE=DRAFTING. Kwa AutoCAD, mstari wowote unaoanza na nuktamkato ni maelezo ya pembeni, hivyo huuruka na kuendelea na namba.